Siku Tatu za Baba na Karatasi Anazodaiwa



Kuna swali ambalo limeletwa mbele ya Tume yetu mara kwa mara, nalo huletwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye kuuliza anaona haya. Mwanamume amepata mtoto. Amekwenda kwa msimamizi wake wa kazi kuomba siku za kuwahudumia mama na mtoto, naye ameambiwa, "Lete cheti cha kuzaliwa." Mwingine ameambiwa alete cheti cha ndoa. Wa tatu ameambiwa alete kadi ya kliniki ya mkewe, yote, ukurasa kwa ukurasa. Je, mwajiri ana haki ya kudai hayo? Tumeona yafaa tulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa kuwa wengi hulijibu kwa kukisia, waajiri kwa upande wao na wafanyakazi kwa upande wao.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inampa mwajiriwa aliye baba wa mtoto likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, mradi aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku hizo ni za mzunguko mzima wa likizo, nao mzunguko huo ni miezi 36 ya ajira. Akizaliwa mtoto wa pili ndani ya miezi hiyo, au wakizaliwa mapacha, siku zinabaki zile zile 3. (Wazee wetu wa Unyakyusa walilichukulia jambo la mapacha kwa uzito wa namna nyingine: baba alitengwa pamoja na mama, akapitishwa katika mila pamoja naye, ndipo akarudi kati ya watu. Hatusemi mila hiyo irudishwe. Twasema tu kwamba wao hawakudhani kuzaliwa kwa mtoto ni shauri la mwanamke peke yake.) Kifungu hicho hicho kinatoa siku 4 nyingine zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi wa ndoa, cha mzazi, cha babu au bibi, cha mjukuu, au cha ndugu wa kuzaliwa naye. Kisha yanafuata maneno yanayotuhusu leo: kabla ya kumlipa mwajiriwa kwa siku hizo, mwajiri anaweza kutaka uthibitisho wa kiasi cha haki kwamba tukio lenyewe limetokea.

Maneno hayo ni machache, lakini hayakuwekwa ovyo. Sheria imesema mwajiri "anaweza", haikusema "lazima". Mwenye duka pale Tukuyu mjini ambaye mkewe ndiye aliyempeleka mke wa mfanyakazi wake hospitalini hana haja ya karatasi yoyote. Macho yake yanamtosha. Tena sheria imesema kabla ya kulipa, haikusema kabla ya kuruhusu. Tofauti hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Tunavyoisoma sisi, baba hutoa taarifa, huenda kwa mkewe, na uthibitisho huja baadaye, kabla ya mshahara wa siku hizo kulipwa. Anayemwambia mfanyakazi, "Hutoki hapa mpaka nione cheti," ameuweka uthibitisho mahali ambapo sheria haikuuweka.

Na ni uthibitisho gani? Hapa msomaji alinganishe na vifungu vilivyotangulia. Mgonjwa anayeomba likizo ya ugonjwa yenye malipo hutakiwa cheti cha daktari. Mama mjamzito hutakiwa atoe taarifa miezi 3 kabla ya tarehe anayotazamia kujifungua, nayo iambatane na cheti cha daktari. Kwa baba, sheria haikutaja karatasi yoyote kwa jina. Ilipotaka karatasi fulani iliitaja. Pale ambapo haikuitaja, iliacha nafasi kwa hali halisi ya watu.

Hali halisi ya Rungwe tunaijua sote. Tumfikirie mchuma chai ambaye mkewe amejifungua usiku katika zahanati ya kijiji, mvua inanyesha kama inavyonyesha kwetu, na njia ya kwenda barabara kuu imekuwa tope. Siku ya kwanza anatafuta usafiri wa kumrudisha mama nyumbani. Siku ya pili anashuka Tukuyu kuulizia cheti; anaambiwa mhusika hayupo, au jina limeandikwa vibaya, arudi kesho. Siku ya tatu anarudi. Siku zimekwisha, nauli imekwisha, na yule mama amechotewa maji na majirani. Likizo iliyotolewa ili baba awe nyumbani imegeuka kuwa likizo ya kutafuta uthibitisho wa likizo. Baadhi ya wanaume hukata tamaa mapema zaidi: hawaombi kabisa, hurudi kazini asubuhi ile ile, na wasimamizi wao huwasifu kwa bidii.

Hatusemi kwamba cheti cha kuzaliwa ni kitu kibaya. Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa iliyotangulia katika jambo hilo: mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa kushirikiana na UNICEF, ilianza hapa mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya afya na ofisi za kata, na kuwapa vyeti bila malipo. Kila mzazi na ampatie mwanawe cheti hicho, na asingoje mpaka siku ya kumwandikisha shule. Cheti kikipatikana mapema, baba akionyeshe kazini na mambo yaishe. Kosa ni kukifanya kuwa sharti la pekee, kwa kuwa dirisha la siku 7 ni jembamba na ofisi za serikali zina mwendo wake. Kabla ya cheti lipo tangazo la kizazi, ambalo kituo cha afya humwandikia mama baada ya kujifungua. Hilo linatosha. Barua fupi ya mkunga au ya muuguzi wa wodi ya wazazi inatosha. Mtoto akizaliwa nyumbani au njiani, Ofisa Mtendaji wa Kijiji aweza kuandika anachokijua, naye mara nyingi hujua kabla hajaambiwa.

Tuje kwenye cheti cha ndoa, ambacho ndicho kilichotuletea maneno mengi zaidi, hata miongoni mwetu wenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006, inayotoa siku 4 za kazi, inamtaja mwanamume ambaye mke wake amejifungua au mimba yake imeharibika. Ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa wiki 2 zenye malipo kamili kwa mwajiriwa wa kiume. Sheria yetu imechagua neno lake: baba wa mtoto. Haikusema mume wa mama. Kwa hiyo mwajiri anayedai cheti cha ndoa anadai kitu ambacho hakihusiani na sharti lililowekwa. Baadhi ya wasomaji wetu watasikitika, wakasema kwamba tunawafungulia mlango wanaoishi bila ndoa. Mafundisho juu ya ndoa yako pale pale, na mahali pa kuyafundisha panajulikana. Lakini ujira wa siku 3 haukuwekwa uwe fimbo ya kuyafundishia, na anayechapwa na fimbo hiyo ni mama aliye kitandani na mtoto ambaye hajatimiza hata wiki moja.

Wapo pia wanaouliza, "Tutajuaje kwamba kweli ni wake?" Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, wakafunga mjadala ambao ofisi nyingine zingependa kuufungua. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, imeikabidhi mahakama kazi ya kuamua nani ni mzazi pale penye mgogoro. Tena katika mambo ambayo mahakama huyatazama hamna kipimo cha vinasaba peke yake; limo jina lililoandikwa katika rejista ya vizazi, imo mila ambayo baba ameifanya kwa ajili ya mtoto, na kumo kumkiri mtoto hadharani. Ikiwa hakimu mwenyewe huyapokea mambo hayo, ofisa utumishi apate wapi mamlaka ya kuyakataa? Mwanamume anayesimama mbele ya wenzake kazini na kusema, "Huyu ni mwanangu," amejitwika mzigo wa miaka mingi. Ni vigumu kuamini kwamba watu wengi watajitwika mzigo huo kwa ajili ya siku 3.

Lililotutia hofu kuliko yote ni kadi ya kliniki. Kadi ya mama mjamzito huandikwa mambo mengi yasiyo ya mwajiri: mimba zilizotangulia, zilizoharibika, magonjwa, na majibu ya vipimo, kikiwemo cha virusi vya UKIMWI. Majibu hayo huandikwa kwa alama, lakini alama hizo zinasomeka kwa yeyote aliyewahi kukaa kliniki. Baba akilazimishwa kuiacha kadi hiyo mezani, au kuitolea nakala, siri inayotolewa si yake. Ni ya mwanamke ambaye hayumo chumbani mle na ambaye hakuulizwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Na. 28 ya mwaka 2008, inaamuru majibu ya vipimo hivyo yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, nayo inaziwekea taarifa za afya ulinzi wa pekee. Twawasihi akina baba: kadi ya mama isitoke nyumbani kwenda ofisini. Nanyi wasimamizi mnaoidai, pengine kwa kutojua tu, acheni kuidai.

Tukiri upande wa pili pia. Wapo wanaodanganya. Yupo atakayetaja mtoto wa kaka yake, na yupo atakayetaja mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita, siku 7 zikiwa zimekwisha pita. Mwajiri mdogo mwenye wafanyakazi wawili huumia kweli mmoja asipokuwapo, hasa msimu wa mvua ambapo chai huchipua kwa wingi. Ndiyo maana sheria imempa haki ya kuuliza, nasi hatuipingi. Lakini ipimwe hasara yenyewe: siku 3 katika miezi 36 ni siku 3 katika siku zaidi ya 1,000. Uthibitisho nao uwe wa uzito huo.

Mzani huo huo utumike kwa zile siku 4 za ugonjwa na msiba. Baba aliyemzika mtoto mchanga aweza kuonyesha kibali cha mazishi, au barua ya kijiji, au hata kuja na mtu wa jumuiya aliyekuwapo kaburini. Asiambiwe arudi hospitalini kuomba karatasi mahali pale pale alipopokea maiti.

Labda msomaji anadhani haya yanawahusu wenye mashamba makubwa na viwanda tu. Mwajiri ni pia muumini mwenye shamba la parachichi aliyeajiri vijana wawili, mwenye mashine ya kusaga, mwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Kyela, na mwenye nyumba aliyeajiri mlinzi. Sheria inawagusa wote hao. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana haki ya likizo hizi zenye malipo. Lakini mwajiriwa wa msimu anazo, jambo ambalo wachumaji wengi hawaambiwi. Aliyenyimwa malipo azungumze kwanza na msimamizi wake, akiwa na tawi la chama cha wafanyakazi ikiwa lipo. Ikishindikana, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60; na kama amefukuzwa kazi, muda wake ni siku 30 tu. Wengi huchelewa kwa sababu ya kungoja hasira ipoe.

Parokia, shule na zahanati zetu nazo ni waajiri, na hatuna budi kuanza nyumbani. Tumeona fomu za likizo ambazo bado zina mstari unaomtaka baba aambatanishe cheti cha ndoa na nakala ya kadi ya kliniki. Tunaiomba halmashauri ya walei, katika kikao chake kijacho, iifute mistari hiyo miwili, na mahali pake paandikwe: "Tangazo la kizazi, au barua ya mkunga, au barua ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji, iletwe baada ya kurudi kazini." Rasimu ya fomu hiyo tumekwisha kuiandaa, nayo ni ya ukurasa mmoja. Viongozi wa jumuiya wanaohitaji nakala kwa ajili ya waajiri wa maeneo yao wamwone katibu wa Haki na Amani Jumapili baada ya ibada.