Faragha Isiyofika Kwenye Simu Kuukuu

Imezoeleka katika nchi yetu kuyachukulia masasisho ya simu na kompyuta kuwa ni shughuli ya mafundi. Simu inapojizima usiku na kuamka asubuhi ikiwa na sura mpya, mwenyewe hulalamika kwamba bando limeliwa, kwamba programu aliyoizoea haifunguki tena, na kwamba kila anachokigusa kinamwomba ruhusa: ruhusa ya kamera, ruhusa ya kujua alipo, ruhusa ya kusoma majina aliyoyahifadhi. Hubofya “Ruhusu” mara nne au tano, kisha maisha huendelea. Wanasiasa hawalisemi jambo hili, na sisi wa vyuoni, tunaopenda kuandika juu ya dola na raia, tunalipita kana kwamba halituhusu.

Nathubutu kusema kwamba linatuhusu kuliko mengi tunayoyajadili. Katika miaka kumi iliyopita, kanuni nyingi zilizoamua ni nani awezaye kuchungulia maisha ya Mtanzania hazikupitishwa Dodoma. Zilitoka California zikiwa ndani ya matoleo mapya ya Android na iOS, bila muswada, bila kamati ya Bunge, bila kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Na tofauti na sheria ya Bunge, ambayo walau kwa nadharia humfikia kila raia siku moja, kanuni hizi humfikia mtu kulingana na umri wa simu yake.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2015, programu ya Android iliomba ruhusa zake zote kwa mkupuo mmoja wakati wa kuingizwa kwenye simu. Mtumiaji alikuwa na njia mbili tu: kukubali yote au kuiacha programu. Programu ya tochi iliweza kudai majina na namba zote ulizozihifadhi, nawe ukitaka mwanga ulikubali. Toleo la 6.0, lililotoka mwaka huo, lilibadilisha utaratibu: programu ikaanza kuomba ruhusa moja moja pale inapoihitaji, na mwenye simu akapata uwezo wa kukubali hii na kukataa ile. Toleo la 10 la mwaka 2019 likamwezesha kuamua kwamba programu ijue alipo wakati anapoitumia tu. Toleo la 11 la mwaka 2020 likaleta ruhusa ya mara moja, pamoja na utaratibu wa kuzifuta ruhusa za programu iliyokaa miezi kadhaa bila kufunguliwa. Kwa upande wa Apple, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021 programu inapaswa kukuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Uzito wa swali hilo dogo ulidhihirika Februari 2022, kampuni ya Meta ilipowaambia wawekezaji wake kwamba mabadiliko hayo yangeipunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 mwaka huo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa Google na Apple si wanyonge hata kidogo: hayo ni maendeleo ya kweli.

Lakini maendeleo hayo yaliachiwa mwanya, na mwanya huo ulipitia kwenye utangamano. Ili programu za zamani zisife ghafla, Android 6.0 iliziruhusu zile zilizotengenezwa kwa ajili ya matoleo ya awali ziendelee na utaratibu wa awali, yaani zipewe kila kitu siku ya kuingizwa. Dhamira ilikuwa njema. Hata hivyo, mtengenezaji mwenye hila alihitaji tu kutangaza kwamba programu yake, hata kama ameiandika jana, ni ya toleo la zamani, na simu ikamfungulia. Google Play ilianza kuzikataa programu mpya za namna hiyo Agosti 2018. Simu zenyewe zilikuja kukataa kuziingiza kuanzia Android 14, mwaka 2023. Baina ya 2015 na 2023 ni miaka minane, na katika miaka hiyo hiyo ndimo biashara ya mikopo ya mtandaoni ilimoshamiri Afrika Mashariki.

Sidai kwamba wakopeshaji hao walipita katika mwanya huo. Wengi hawakuuhitaji. Waliomba ruhusa waziwazi, na aliyekataa hakupata mkopo. Hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo, maana ndipo neno “ruhusa” linapovuliwa nguo. Mtu amefiwa, au ada ya mtoto imekwama, au mtaji wa genge umekatika. Anaingiza programu ya mkopo. Kioo kinamuuliza: je, unairuhusu kusoma majina na namba ulizozihifadhi? Je, unairuhusu kusoma ujumbe wako mfupi? Anaruhusu, kwa sababu swali halisi aliloulizwa si hilo. Swali halisi ni kama anaitaka fedha. Siku ya marejesho ikipita, simu zinaanza kuita kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, zikitangaza kwamba fulani ni tapeli. Watanzania wakaupa mkopo wa aina hii jina lake stahiki: kausha damu.

Tazama sasa ni nani aliyekubali. Huyo mkopaji walau alibofya. Shangazi yake hakubofya chochote. Jina lake na namba yake viliingia katika hifadhi ya kampuni asiyoijua kwa idhini ya mtu mwingine, aliyekuwa na dhiki, mbele ya kisanduku chenye mistari miwili. Mfumo endeshi, hata uwe mpya kiasi gani, haumuulizi shangazi. Umejengwa juu ya dhana kwamba taarifa iliyomo ndani ya simu ni mali ya mwenye simu, ilhali katika jamii zetu orodha ya namba ni ukoo, ni msikiti au kanisa, ni kazini na mtaani. Anayeitoa hatoi mali yake peke yake.

Sheria zilikuja baadaye. Kenya ilitoa kanuni za watoa mikopo ya kidijitali mwaka 2022, zikawakataza kuingia katika orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu wake ujumbe anapochelewa kulipa. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google Play ilizikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei hiyo hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kila hatua ni ya kupongezwa. Lakini programu inayotumwa kama faili kupitia WhatsApp haipiti Google Play, wala haina leseni ya kunyang'anywa.

Na ni nani anayepokea programu kwa njia ya faili? Mara nyingi ni yule ambaye simu yake imekataliwa dukani. Chukua kijana anayenunua Kariakoo simu ya bei nafuu iliyokwishatumika. Toleo jipya la Android haliji moja kwa moja kutoka Google hadi mkononi mwake. Mtengenezaji wa kichakato na kampuni ya simu hiyo nao hulazimika kuliandaa kwa ajili ya aina hiyo ya simu, na kampuni haioni faida ya kuihudumia simu ya bei ya chini iliyouzwa miaka minne iliyopita. Simu ya kijana huyo inabaki na toleo lake la zamani. Mwaka unaofuata, programu ya benki inatangaza kwamba haitafanya kazi tena kwenye toleo hilo, kwa sababu za usalama. Sababu ni ya kweli. Lakini kijana hawezi kununua simu nyingine, hivyo anamwomba rafiki amrushie toleo la zamani la programu hiyo, kisha anaingia kwenye mipangilio na kuifungua simu ipokee programu zisizotoka dukani. Kwa hiyo hatua iliyochukuliwa kwa jina la usalama imemsukuma mahali penye hatari zaidi, wakati mwenye simu mpya anaulizwa kwa adabu kama anapenda ijulikane alipo.

Nitaambiwa kwamba huo ni ukomo wa kiufundi, na chuma kichakavu hakibebi programu mpya. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Desemba 2021 Google ilianza kuupeleka ule utaratibu wa kufuta ruhusa zilizosahaulika kwenye simu za nyuma, hadi zile za Android 6.0, kupitia huduma zake zenyewe na bila kuwasubiri watengenezaji wa simu. Kinga iliyozaliwa katika toleo la 11 iliweza basi kuvifikia vifaa vya miaka mingi kabla yake pale mwenye uwezo alipoamua. Tangu hapo, kila nisikiapo kwamba haiwezekani, huuliza imeshindikana kwa nani.

Isieleweke kwamba nawashauri wasomaji waache kusasisha vifaa vyao. La hasha. Anayeweza kusasisha na asasishe, usiku huu, na asome anachoulizwa. Ninachokataa ni kulifanya sasisho kuwa mbadala wa sheria, kwa kuwa mkono uliotoa waweza pia kutwaa. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kipengele cha Windows kiitwacho Recall, cha kupiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya muda mfupi ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona siku za nyuma. Wataalamu wa usalama walipopiga kelele, kikaahirishwa na kufanywa cha hiari. Kilizuiwa na kelele. Hapakuwa na bunge lolote lililopiga kura. Na Windows 10, iliyosheheni katika ofisi zetu, iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mtumishi anayehifadhi majalada ya wananchi kwenye mashine ya namna hiyo hakuna alichokosa yeye. Bajeti ndiyo iliyokosa.

Katika semina moja mwanafunzi aliniuliza: “Dokta, nikikataa, programu haifunguki. Sasa hapo nimeridhia au nimelazimishwa?” Sijalisikia swali hili likiulizwa vizuri zaidi katika makongamano niliyohudhuria. Ridhaa isiyo na njia ya kukataa si ridhaa. Sheria yetu inataka taarifa zinazokusanywa ziwe za kutosha na zinazohusiana na lengo, zisizidi hapo. Maana yake ni kwamba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haipaswi kuridhika na mkusanyaji anayeonyesha kwamba mteja alibofya. Imuulize: kwa nini uliomba? Mkopeshaji aeleze namba ya shangazi inahusiana vipi na uwezo wa mkopaji kulipa. Akishindwa, kisanduku cha “Ruhusu” kisimkinge.

Hapa serikali inabidi ianze nyumbani kwake. Taasisi zetu zimeingia katika mtindo wa kila moja kuwa na programu yake ya simu. Hutangazwa kwa shangwe, mkandarasi hulipwa, mkataba hufungwa. Baada ya miaka miwili linakuja toleo jipya la Android lenye masharti mapya ya ruhusa, programu inaanza kuzimika kila inapofunguliwa, na mkandarasi hayupo. Afisa wa TEHAMA aliyebaki hana msimbo wake wala fungu la kuutengeneza. Mwananchi anaambiwa asasishe simu. Mwenye simu ya zamani naye anaambiwa anunue mpya, kana kwamba haki ya kuhudumiwa na serikali yake inauzwa pamoja na chaja.

Wajibu wa matunzo unapaswa kuandikwa ndani ya zabuni yenyewe: kwa miaka mingapi mkandarasi ataifanya programu iendane na matoleo mapya, na toleo la zamani kabisa litakalohudumiwa ni lipi. Kando ya kila ruhusa inayoombwa iandikwe sababu yake kwa Kiswahili, na ruhusa isiyo na sababu iondolewe kabla ya malipo. Huduma yoyote ambayo mtu hana hiari ya kuikwepa iwe pia na njia ya kivinjari cha kawaida, na pale inapowezekana njia ya nyota na reli, ambayo simu ya kitochi inaiweza na ambayo haina namna ya kusoma orodha ya namba zako. Watumishi wa idara za ununuzi wanaosoma hapa wanajua kwamba hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji aya tatu katika hadidu za rejea.

Na wanafunzi wa sheria na wa kompyuta wanaoniandikia kuomba mada za tasnifu, hii hapa moja isiyo na gharama ya safari. Chukueni programu kumi za taasisi za umma. Fungueni ukurasa wa ruhusa wa kila moja, mwandike inachoomba, mwandike na kazi inayofanya, mkaziingize pia kwenye simu ya miaka saba iliyopita mwone ngapi zinafunguka. Anzeni na zile ambazo mwananchi hana hiari ya kutozitumia.