Nani Alikuambia Maharagwe ni Rahisi?

Mwaka jana mwezi wa tisa nilizimia kwenye steji. Haikuwa kama sinema. Niliona giza likija kutoka pembeni, nikashika mkono wa mama fulani aliyekuwa na mfuko wa viatu vya mitumba, halafu nikajipata nimekaa chini konda ananimwagia maji ya chupa yake. Zahanati wakanipima, wakaniambia damu iko chini. Daktari alikuwa msichana wa rika langu, mpole, amechoka. Akaniandikia tembe za chuma, kisha akasema, "Na ukule vizuri. Maharagwe, omena, mboga za kijani. Si vitu vya pesa nyingi, ni rahisi tu."

Hilo neno nimetembea nalo tangu siku hiyo. Kwa Kiswahili kitu cha bei ya chini ni rahisi, na kitu kisicho na kazi pia ni rahisi. Anayekushauri anamaanisha bei. Wewe unasikia yote mawili, unarudi kwa keja ukiwa na nusu kilo ya maharagwe na matumaini.

Naishi Pipeline, chumba kimoja, ghorofa ya tano. Kwa ngazi za chini mwenye nyumba amebandika karatasi: HAKUNA KUTUMIA KOILI. HAKUNA KUCHEMSHA MAHARAGWE. Naapa. Stima iko ndani ya kodi ya nyumba, na yeye alipiga hesabu yake mapema kuliko daktari. Jiko la makaa nalo siwezi. Mlango wangu unafungukia korido isiyo na dirisha, na sote tunajua habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Imebaki gesi.

Maharagwe makavu yanataka saa mbili hadi tatu kwa moto. Ukiloweka usiku yanapungua, na kabla hujaniandikia, nililoweka. Ni saa moja na kitu bado, na hapo hujakaanga kitunguu wala kusonga ugali. Mtungi wangu wa kilo 6, ambao kwa chai, ugali na sukuma ulikuwa unanipeleka karibu miezi miwili, uliisha baada ya wiki tatu na siku mbili. Kujaza ni zaidi ya elfu moja, pesa ya mkupuo mmoja, na mimi hulipwa kwa makala, tena siku ambayo mhariri atakumbuka. Maji tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na kuyapandisha mpaka ghorofa ya tano ni wewe na mgongo wako. Ukiwa na damu kidogo, zile ngazi unazihesabu moja moja.

Sasa shuka chini. Chipo ni shilingi 50. Viazi vimeiva, tomato imeongezwa maji, unakula ukitembea. Chipo imekuja na moto wake. Smokie pia, mandazi pia. Ukiangalia vizuri, karibu kila kitu kinachotuharibu mwili hapa mtaani kinauzwa kikiwa tayari, na karibu kila kitu tunachoambiwa kitatuponya kinauzwa kibichi. Halafu mtu anakuja na chati ya rangi tatu kutufundisha lishe, kana kwamba shida ni kwamba hatujui mboga ni nzuri. Manze, tunajua. Shosho zetu walitulea kwa managu na kunde. Hakuna kijana wa Pipeline anayekula smokie akidhani ni dawa.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wa video. "Nimekula vizuri wiki nzima kwa soo tano!" Unatazama: ndengu, kabeji, mayai, avokado, vyote vimepangwa kwenye meza ya mawe. Nyuma yake kuna friji inanguruma. Kuna jiko la moto minne. Maji yanatoka kwa mfereji, na anayaacha yatiririke akiongea. Kwenye ile soo tano hakuna gesi, hakuna maji, hakuna friji ya kuweka ndengu zisichache kesho. Na hakuna zile saa. Amenunua viungo, akaita hesabu imeisha. Halafu chini mtu anaandika kwamba maskini wa Nairobi ni wavivu, pesa ya chipo wanayo lakini ya ndengu hawana.

Tuwe wakweli, mimi si malaika. Kuna wiki nimenunua bando badala ya mboga. Na sufuria ya presha inasaidia, sikatai. Jirani yangu anayo, na maharagwe yake yanaiva nikiwa bado nachambua yangu. Aliinunua kwa pesa ya chama baada ya kungoja zamu yake. Ushauri unaoanza na "nunua tu" hauniudhi kwa sababu ni wa uongo. Unaniudhi kwa sababu ya hilo "tu".

Na huo moto, nani aliupandisha bei? Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Sibishani na misitu. Lakini makaa yalipanda, na aliyekuwa anapikia makaa akaachwa ajipange. Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, eti kwa sababu kuna wafanyabiashara wanayachanganya na dizeli. Wao wachanganye, mama wa chumba kimoja alipe. Tukaambiwa tuhamie gesi, ni safi, ni ya kisasa. Tukahamia. Julai 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa, sawa. Lakini kati ya 2018 na 2021, mtu wa kipato chetu alifukuzwa kutoka jiko moja hadi lingine, na kila alikofika alikuta bei imemtangulia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hakisemi kama hicho chakula ni kibichi au kimeiva.

Nilikula vizuri wakati mmoja maishani, na ilikuwa chuo. Niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na watu hudhani nimemisi masomo. Nimemisi mesi. Madondo, kabeji na wali kila siku, tukilalamika kila siku, na sikuwahi kuzimia hata mara moja. Sikuwa na akili zaidi kuhusu lishe. Kulikuwa na mtu mwenye sufuria kubwa kama tangi aliyeamka saa kumi alfajiri kuchemshia mamia yetu, na moto mmoja ukigawanywa kwa watu mia tano si pesa yoyote.

Kwa hivyo hii si siri. Hapa Nairobi, tangu 2023, wanafunzi wa shule za umma walio kwenye mpango wa Dishi na County hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, kinapelekwa shuleni kikiwa moto. Inawezekana, na ni maharagwe yaleyale. Lakini ukitoka shule tu umekuwa mtu mzima, na mtu mzima anaambiwa apange bajeti.

Kwa nini isiwe na sisi? Sisemi tupewe bure. Nataka kila mtaa uwe na jiko la pamoja ambapo nitanunua maharagwe yaliyochemshwa bila chumvi, niende nikakaange mwenyewe vile napenda. Ukifikiri ni ndoto, basi hujawahi kupita steji yetu jioni, maana hilo jiko tayari tunalo. Ni mama mmoja na sufuria mbili, githeri na ndengu, kikombe shilingi 30. Anachemsha kwa kuni huko nyuma ya karakana kuanzia saa sita mchana. Baada ya ile siku ya kuzimia nilianza kununua kwake kila jioni, naongeza terere ya mbao, nakamulia limau. (Limau husaidia mwili kuchukua chuma ya maharagwe, na chai ya kuteremshia chakula huizuia, kwa hivyo ngoja kama saa moja. Huo ndio ushauri pekee usiohitaji gesi, na hakuna aliyenipa. Niliusoma kwa bando ya kukopa.) Miezi miwili baadaye nilipimwa tena, damu imepanda. Zile tembe zilisaidia, najua. Lakini nani alinilisha?

Mwezi uliopita lori lilikuja steji. Kila mtu anajua ni lori gani. Wakabeba mwavuli, wakabeba ndoo, githeri ikamwagwa kando ya mtaro, sufuria zote mbili zikarushwa juu. Kosa, walisema, ni uchafu, chakula cha barabarani si salama kwa afya. Yule wa chipo ana kibanda cha mabati na leseni, hakuguswa.

Siku tatu mama hakuonekana. Siku ya nne alirudi na sufuria moja ya kuazima, ndogo, kikombe kimekuwa shilingi 40. Alikuwa amekaa ametazama barabara, mkono mmoja juu ya kifuniko. Saa moja na nusu githeri ilikuwa imeisha. Mimi nilikuwa town nikifuata pesa ya makala, nikafika saa mbili.

Nilinunua chipo.