KIATU KINAFUATA MGUU WA MTOTO, SIO MASHINE YA MUUZAJI (uzi mrefu, soma mpaka mwisho)

1.
Shule zikikaribia kufunguliwa, meseji zinazoniingia zinafanana: "Nesi, dukani wamempima mwanangu kwa mashine, wakasema ana nyayo bapa, bila soli maalum miguu itapinda. Ninunue?"

Nawajibu wote kwa pamoja. Kama mtoto ana miaka mitatu, minne, mitano, anakimbia, anaruka, halalamiki maumivu: USINUNUE. Hiyo hela kamnunulie kiatu kinachomtosha. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ndio huu uzi.

2.
Kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini kuna mifupa 26. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni laini, haijakomaa. Chini ya unyayo kuna mafuta, na mishipa inayoshikilia viungo bado inalegea. Ndio maana mtoto mdogo akisimama unyayo wote unagusa chini. Lile tao la katikati linajitokeza taratibu kadiri anavyotembea na kukimbia, wengine mpaka wafike miaka 6, wengine hata 10.

Sasa mpandishe mtoto wa miaka mitatu kwenye mashine. Itaona nini? Unyayo bapa! Hapo haijagundua ugonjwa. Imegundua mtoto.

3.
"Lakini nesi, hiyo ni sayansi, imeonyesha mpaka rangi nyekundu na bluu."

Sayansi yenyewe ni ya kweli, siibishii. Inaitwa biomekanika, yaani elimu ya jinsi mwili unavyobeba uzito na kutembea. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, ukijua unyayo wake unagandamizwa wapi unaweza kumtengenezea kiatu cha kumkinga na vidonda. Hapo kipimo kinaokoa mguu.

Ninachokataa ni ule mruko wa kutoka kwenye picha kwenda kwenye risiti. Picha inakwambia uzito umeangukia wapi dakika ile. Haikwambii mtoto ataugua. Wala haikwambii kwamba soli ile ya laki na kitu itazuia chochote.

4.
Tena hili jambo limeshapimwa.

Kwa miaka mingi wanaokimbia waliambiwa: unyayo bapa vaa kiatu kigumu kinachoshikilia mguu, tao la juu vaa kiatu laini. Inasikika vizuri, si ndio? Jeshi la Marekani likawajaribu maelfu ya askari wapya, wa nchi kavu, wa anga na wa majini. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, kundi lingine wote aina moja bila kujali unyayo. Matokeo yalitoka mwaka 2009 na 2010: kuchagua kiatu kwa umbo la unyayo hakukupunguza majeraha. Na hao ni watu wazima wanaokimbizwa mazoezini kila siku!

Kwa watoto je? Huko Texas, utafiti uliotolewa mwaka 1989 ulifuatilia watoto wa mwaka 1 hadi 6 wenye nyayo bapa zinazonyumbulika. Wengine walivalishwa viatu na soli maalum, wengine wakaachwa na viatu vya kawaida. Baada ya miaka mitatu, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, na waliovalishwa vya gharama hawakuwazidi wenzao.

India, mwaka 1992, waliangalia nyayo za watoto 2,300. Nyayo bapa zilikutwa kwa asilimia 8.6 ya waliozoea viatu, na asilimia 2.8 tu ya waliokuwa peku. Sisemi muwaache wakanyage misumari na kuokota minyoo ya safura. Nasema unyayo unajengwa kwa kutumika. Ndani kwako pasafi, mwache acheze peku.

5.
Na msidhani wazazi kutishwa na mashine dukani kumeanza jana. Kuanzia miaka ya 1920, Marekani na Uingereza, maduka ya viatu yaliweka mashine za eksirei. Mtoto anaingiza miguu, mama anachungulia mifupa ndani ya kiatu, anashangaa, ananunua. Baadaye zikapigwa marufuku kwa sababu ya mionzi. Mashine za leo hazina mionzi, lakini ujanja ni ule ule: ukishaona ndani ya mguu wa mwanao, unaona aibu kuondoka mikono mitupu.

6.
"Kwa hiyo tusipime?" Pimeni! Kiatu lazima kiendane na mguu wa huyu mtoto, sio wa jirani. Na hapa nawageukia na nyie wazazi, maana tuna mazoea mawili mabaya.

La kwanza: "chukua kikubwa, atakua nacho." Kiatu kikubwa mtoto anakishika kwa kukunja vidole, kisigino kinatoka, anajikwaa, anatoka malengelenge.
La pili: "nipe cha miaka sita." Jamani, watoto wawili wa miaka sita wanaweza kupishana namba kadhaa! Umri hauvai kiatu. Na kikimbana, kucha zinaanza kuingia kwenye nyama.

7.
Mashine unayohitaji ni karatasi, kalamu na rula.

- Pima jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana.
- Mtoto asimame, kisigino kiguse ukuta. Weka alama kwenye kidole kirefu zaidi (sio lazima kiwe gumba). Pima miguu YOTE MIWILI, fuata ule mrefu.
- Ongeza sentimita 1. Kisha zidisha kwa 1.5, upate namba ya Ulaya. Mfano: mguu sentimita 19, ongeza 1, inakuwa 20. Mara 1.5 ni namba 30.
- Viwanda vinapishana, kwa hiyo usiamini namba peke yake. Kata kipande chembamba cha karatasi chenye urefu huo (hapo ni sentimita 20), kiingize ndani ya kiatu. Kikijikunja, kiatu ni kifupi. Hata ukienda Karume bila mtoto, kipande hicho kinakutosha.
- Upana: chora umbo la mguu, weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza sana pembeni, kitambana.
- Kikunje. Kinatakiwa kupinda kwenye mashina ya vidole, sio katikati.
- Kiwe na kamba au mkanda wa kukishika mguuni.
- Cha mtumba au cha kaka yake, geuza soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kiache.

Mwisho mvalishe, akimbie, muulize. Akisema kinaniuma, kinamuuma. Chini ya miaka mitatu pima kila miezi miwili au mitatu, wa shule kila muhula.

Na wewe mama, ujauzito unaweza kushusha tao na kurefusha mguu, na usirudi ulivyokuwa. Pima upya, acha kujibana na viatu vya harusi.

8.
Hospitali mlete lini? Akilalamika maumivu. Akichechemea au akiacha kucheza. Mguu mmoja ukitofautiana na mwenzake. Akisimama kwa ncha za vidole tao lisijitokeze kabisa. Na aliyezaliwa mguu umepinda kuelekea ndani, usisubiri wala usitafute kiatu: mlete wiki za mwanzo, matibabu yanaanza na plasta.

Akipimwa huko na mtaalamu, kwa mikono, kwa maswali, akaandikiwa soli, mvalishe. Hapo anatibiwa tatizo linalojulikana.

9.
Ukirudi dukani, muulize muuzaji maswali matatu. Mwanangu ana ugonjwa gani? Nisiponunua itakuwaje, na umejuaje? Na hii mashine, imewahi kumwambia mtu yeyote kwamba hahitaji kitu?

La tatu msubiri ajibu. Akianza kucheka, mshike mtoto mkono mwende zenu.

Sambaza kwenye grupu la wazazi kabla shule hazijafunguliwa. Sehemu ijayo tunaongelea vile vigari vya kufundishia watoto kutembea, na najua wengi mtaninunia.