Kunamua Jeshi: Istilahi za Bao na Tatizo la Vita Vikubwa katika Michezo ya Mezani

Michezo ya mezani ya kuvaa uhusika, ambamo wachezaji wachache huketi pamoja, kila mmoja akawa mhusika wa hadithi, na msimamizi mmoja akawasimulia ulimwengu wanamotembea, huhesabiwa kuwa imeanza nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Wapo wanaodai kwamba michezo hiyo haina mahali pa kushika katika Kiswahili, na kwamba anayetaka kuicheza hana budi kuazima msamiati wote pamoja na dadu zake. Dai hilo ni dhaifu, na udhaifu wake huonekana wazi zaidi pale ambapo michezo yenyewe hushindwa, yaani katika vita vya watu wengi.

Kushindwa huko ni jambo la hesabu. Ikiwa kila mpiganaji hupewa zamu yake, akarusha dadu zake na kuhesabiwa majeraha yake, na zamu moja huchukua dakika moja tu, basi wapiganaji mia kwa mia watahitaji dakika 200 kumaliza duru moja. Saa tatu na ushei zimekwisha, na hakuna aliyefika mtoni. Ajabu ni kwamba mchezo huu ulizaliwa na michezo ya majeshi. Katika Chainmail, kitabu cha kanuni cha mwaka 1971 ambacho Gygax alikiandika pamoja na Jeff Perren, sanamu moja ndogo iliweza kusimama badala ya askari 20. Uhusika ulipoingia, sanamu ikawa mtu mmoja mwenye jina na hofu zake, na jeshi likakosa mahali. Wasimamizi wengi hujinasua kwa kuwaleta maadui kwa mafungu: fungu la kwanza likishughulikiwa, la pili huingia. Kwa Kiingereza mafungu hayo huitwa mawimbi, na mfasiri mvivu ataridhika na neno hilo. Lakini wimbi huja na kurudi lenyewe, halina anayelituma. Fungu la askari lina mtu aliyelishika mkononi na kuamua saa ya kuliachilia.

Mfano ulio karibu zaidi uko mkoani Mara. Masimulizi yanayojulikana sana ya maisha ya Mwalimu Julius Nyerere yanaeleza kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, sehemu ambayo leo imo wilayani Bunda, alivutiwa na akili ya Kambarage mdogo katika mchezo wa aina ya bao, akamhimiza Mtemi Nyerere Burito wa Butiama ampeleke mtoto shuleni. Mwaka 1934 mtoto huyo aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Kisa hiki husimuliwa kama hekaya ya kupendeza kuhusu mtu mkubwa, kisha msimulizi hupita haraka kwenda kwenye siasa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtemi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupanga watu, aliupima uwezo wa mtoto kwa mchezo wa kupanga kete, na hakuna aliyeona ajabu.

Mara iko kati ya mapokeo mawili ya mchezo huo. Katika omweso wa Buganda kete zote 64 huwa ubaoni tangu mwanzo, na kila mchezaji huzipanga 32 zake atakavyo kabla ya pigano. Huyo ni jemadari aliyemaliza kupanga jeshi lote alfajiri. Bao la Waswahili limeliona jambo kwa namna nyingine. Kila upande huanza na kete 10 tu ubaoni, yaani sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili, na 22 hubaki mkononi. Kila zamu kete moja huingizwa. Hatua hii huitwa namua, kitenzi ambacho nje ya bao humaanisha kukitoa kitu kilichonaswa. Ni mara 44 kwa pande mbili kabla ya akiba kwisha na hatua ya mtaji kuanza, isipokuwa mmoja awe amefungwa mapema. Hapo ndipo penye suluhisho la msimamizi wa meza: vita ni vikubwa, lakini kinachoshughulikiwa kwa wakati mmoja ni kete moja inayoingia na msukosuko unaotokana nayo.

Hata nyumba ina somo lake. Mchezaji ambaye kete zake zimefika hapo katika hatua ya namua anaweza kulala, akaiacha nyumba na hazina yake, au akaisafirisha, akazimwaga zote ubaoni. Akiisha kusafiri hairudii hadhi ile ya kwanza. Kwa maneno mengine, liko fungu moja kubwa ambalo mwenyewe huchagua lini litoke, na hutoka mara moja tu. Msimamizi anayejua bao hahitaji kuelezwa zaidi.

Tofauti kubwa na sataranji ni kwamba katika bao kete iliyoliwa haiondolewi, bali hupandwa upande wa aliyeila. Jumla ni 64 mwanzo hadi mwisho. Ni vita visivyo na maiti, ambavyo hushindwa kwa kukauka kwa mstari wa mbele au kwa kukosa mwendo. Waandishi wa kigeni wanaoliita bao mchezo wa vita mara nyingi hupuuza jambo hili, ingawa si geni katika historia ya eneo hili: majeshi ya karne ya 19, kama yale ya Mirambo wa Unyamwezi, yaliwaingiza mateka katika safu zao. Tena msamiati wenyewe haukutoka vitani. Kula, kulala, kusafiri, kutakata, nyumba, kichwa, mtaji: ni lugha ya nyumbani na ya biashara. Kuibadilisha kuwa lugha ya mizinga ili ifanane na kitabu cha Marekani ni kuipoteza fikra iliyomo.

Fasihi nayo imekwisha kulikabili tatizo hilo. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, huyagawa mapambano ya majeshi katika mapigano ya shujaa kwa shujaa, mmoja akiangushwa mwingine akajitokeza. Shakespeare alifuata njia nyingine katika tamthilia ambayo Mwalimu mwenyewe aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika vita vya Filipi jukwaa halina majeshi: Pindarus amepanda kilimani, anaona wapanda farasi wamemzunguka Titinius, anapiga kelele kwamba ametekwa, na Cassius anamwamuru Pindarus amuue kwa habari isiyo ya kweli. Vita vyote vimo ndani ya macho ya mtumwa mmoja. Mbinu hii humfaa msimamizi kuliko orodha yoyote ya askari, kwa kuwa wahusika wake wanne au watano hawawezi kuona zaidi ya hayo.

Kwa hiyo istilahi zifaazo ziko tayari: kunamua kwa kuingiza fungu jipya, akiba ya mkononi kwa mafungu yasiyoingia bado, kulala kwa kuisha kwa msukosuko, nyumba kwa fungu kuu linalongoja. Litakalozua ubishi ni mtaji, kwa sababu wachumi wamelishika kwa nguvu. Hata hivyo wachezaji wa bao hawajawahi kuchanganyikiwa, nao wanakopa na kulipa kama watu wengine.