Ukituma Pesa za Ujenzi, Wewe Ni Mwajiri

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa haki wakazi wa Owino Uhuru. Fidia ya Sh1.3 bilioni waliyoipata kwa hukumu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa tarehe 16 Julai 2020, na ambayo Mahakama ya Rufani iliitengua mwaka 2023, ilirudishwa. Habari hiyo ilipita kwenye simu zetu huku Uingereza kwa furaha kubwa, na ilistahili furaha. Jarida hili linataka kuirudia kwa sababu nyingine: kesi ile inatuhusu sisi wenyewe, tena si kwa upande wa waliodhulumiwa peke yake.

Kwa wasiopajua, Owino Uhuru ni mtaa wa mabati ulioko Mikindani, pande za Changamwe. Mwaka 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kilianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ukaingia vyumbani, vumbi likatua juu ya mabati, maji machafu yakapita mbele ya milango. Baadhi ya vibarua walikuwa wakazi wa papo hapo, na walieleza kwamba hawakuwa na vifaa vya kutosha vya kujikinga. Mtu akishika risasi mchana kutwa, kisha akarudi nyumbani na nguo zile zile na kumbeba mwanawe, sumu imeshafika kitandani. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Mama huyo akaacha kazi akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi neno la mwisho la mahakama ilipita miaka kumi.

Watu wameizoea kesi hii kama kesi ya mazingira. Lakini mwanzo wake ulikuwa kazini, kwenye mikono na mapafu ya vibarua, na sheria ya kuwalinda haikukosekana. Mwaka ule ule wa 2007 Bunge la Kenya lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, ikiwemo Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi pale: mitambo salama, mafunzo, usimamizi, maji safi ya kunywa, mahali pa kunawa, huduma ya kwanza, na mavazi ya kinga kwa gharama ya mwajiri. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo mbele yake, anairipoti na kuondoka, na haruhusiwi mtu kumlazimisha arudi mpaka hatari iondolewe. Wala hafukuzwi kwa kulalamika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Haya yote yangefuatwa pale Mikindani tangu siku ya kwanza, pengine jina la Owino Uhuru lisingejulikana nje ya Mombasa.

Sasa tujitazame. Sheria hiyo haikuandikiwa viwanda tu. Inagusa kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, pa muda au pa kudumu. Kiwanja chako cha Mtongwe kimo. Nyumba ya vyumba vya kupangisha unayoiinua Kiembeni imo. Ghorofa la pili unaloliongeza juu ya nyumba ya marehemu baba pale Chaani limo pia. Wengi wetu tunajenga kwa simu: pesa zinatoka Leicester au London, zinaingia M-Pesa ya shemeji, shemeji anamlipa fundi na vibarua kila Jumamosi, na sisi tunatumiwa picha za nguzo na slabu. Katika picha hizo tunaangalia kama ukuta umenyooka. Tuangalie na watu. Kijana yuko juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, amevaa kandambili, kichwa kitupu, ndoo ya zege begani.

Iwapo umemkabidhi mkandarasi kazi nzima kwa mkataba, vibarua ni wake, na ni wajibu wako kujua kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na kama ana bima. Lakini kama ni wewe unayelipa ujira wa kila siku na kuamuru kazi kupitia kwa shemeji, usijifiche nyuma ya shemeji. Mahakama itauliza nani alikuwa akitoa amri na nani alikuwa akitoa pesa.

Na akianguka je? Tunajua kinachotokea. Kunafunguliwa kundi la WhatsApp, kila mtu anatoa alichojaliwa, zinafika pesa za hospitali na za unga wa wiki mbili, kisha kimya. Tunajiona tumetenda wema. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la WIBA, haizungumzi wema. Inamlazimisha mwajiri kuwa na bima, kugharimia matibabu na kumlipa aliyeumia. Kifo lazima kiripotiwe kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya saa 24. Aliyefariki, wategemezi wake wanastahili kiasi cha mapato ya miezi 96. Kwa kibarua aliyekuwa akipata Sh20,000 kwa mwezi hiyo ni Sh1,920,000. Hakuna mchango wa WhatsApp uliowahi kukaribia hapo. Maradhi yaliyoletwa na kazi nayo yana fidia yake, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mjane wa Likoni asiyejua habari hii anapoteza haki yake huku akitushukuru kwa sadaka.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kwetu kulisema, nalo tutalisema. Tumepiga kelele, na tuendelee kupiga, kwa ajili ya mabinti wa Kisauni na Likoni wanaonyang'anywa pasi zao Riyadh na Jeddah, wanaofanya kazi bila siku ya mapumziko. Je, yule binti anayemwogesha mama yako mgonjwa, anayepika, anayefua, anayeamka usiku kumgeuza kitandani, umempa siku moja ya mapumziko kwa wiki? Sheria ya Ajira ya Kenya inampa. Inampa pia siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, likizo ya ugonjwa, miezi mitatu ya uzazi, na haki ya kusikilizwa kabla hajafukuzwa. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, kisheria si wa siku tena. Kwa agizo lililoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, mtunza bustani na bawabu wa mchana mjini Mombasa kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, na asilimia 15 zaidi ya nyumba ikiwa halali kwako. Wangapi kati yetu wanalipa nusu ya hapo na kujiambia kwamba binti analelewa kama wa nyumbani?

Tunajua jawabu litakalokuja: maisha huku ni magumu, na fundi mwenyewe hataki kuvaa kofia. Ugumu wa maisha tunaufahamu. Lakini huku tuliko, sheria ya usalama kazini ya mwaka 1974 inamkataza mwajiri wetu kututoza hata senti kwa glavu na viatu vya kazi, na akitunyima likizo tunajua pa kumshtaki. Hakuna anayeyaita hayo anasa. Asiye na uwezo wa kununua kofia kumi na jukwaa la vyuma hana uwezo wa kujenga ghorofa bado, asubiri. Na fundi hatavaa kofia ambayo haikununuliwa.

Ndugu msomaji, kabla hujatuma pesa za mwezi huu, mpigie msimamizi wako simu. Muulize majina ya waliopo kazini, nani ana bima, wamevaa nini, na jukwaa limefungwa kwa nini. Mpigie na binti aliye kwa mama, uzungumze naye mwenyewe, umuulize mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi ngapi na lini alipumzika mara ya mwisho. Anayetaka msaada wa mkataba aende ofisi ya kazi Mombasa au chama cha KUDHEIHA, ambacho husajili wafanyakazi wa nyumbani. Kisha rekebisha, na uanze na mshahara wa mwezi huu.