Farao hana shemeji Tunduma

Ukitaka habari za Farao, usihangaike na nauli ya Cairo. Keti kwa kinyozi pale Tunduma, foleni ya malori ya kuelekea Nakonde ikiwa imesimama, na kabla upande mmoja wa kichwa haujanyolewa utaambiwa kwamba Wanyamwanga, Wanyiha na Wabantu wote walitoka Misri, na lugha zetu ni Kimisri cha kale kilichochakaa njiani. Hoja hii nimeisikia kwa madereva, kwa walimu wenzangu, hata kwa mchungaji. Ushahidi ni maneno mawili matatu. Wamisri waliandika m-w-t kwa maana ya kufa, nasi tuna mauti. Saba yao ilikuwa s-f-kh. "Sasa hapo unabisha nini, mwalimu?"

Nabisha. Mauti na saba tumevichukua kwa Waarabu, na Kiarabu ndicho chenye undugu na Kimisri. Neno letu wenyewe ni kufa. Vuka mpaka, Mbemba atakuambia ukufwa. Shuka mpaka kwa Wazulu, utakuta ukufa. Neno hupanda lori kama shehena yoyote, likagongwa muhuri forodhani, likaingia sokoni. Mnyambuliko wa kitenzi haubebeki kirahisi hivyo, na ndiyo maana anayetafuta nasaba ya lugha huchungulia huko kwanza.

Basi tuchungulie. Kusikia kwa Kimisri cha kale ni s-dj-m. Irabu hazikuandikwa, kwa hiyo wataalamu hutia e ili ulimi upite, wakasoma sedjem. Anayesikia akiwa mwanamume, sedjemef: ile f ya mwisho ndiyo yeye. Akiwa mwanamke, ni s. Ukiwa wewe mwanamume, ni k, kama Mwarabu anavyosema hadi leo kitabuka, kitabu chako. Ukitaka alisikia, unapachika n katikati: sedjemenef. Mzizi umetangulia, wakati umefuata, mtenda amefunga mlango. Sasa weka pembeni a-li-sikia. Mtenda mbele, wakati nyuma yake, mzizi mwisho. Sisi kitenzi hakiulizi mume wala mke, kinauliza ngeli: dereva amelala, lori limelala, mizigo imelala (na Tunduma vyote hulala). Tukitaka kusababisha, tunaongeza mkiani: soma, somesha. Mmisri aliongeza kichwani: ankh ni kuishi, sankh ni kumpa mtu uhai. Ni kama watu wawili waliovaa shati moja, mmoja amelivaa kinyumenyume.

Mjuzi wa kijiweni angeweza kunibana hapa, na natamani anibane, maana hoja yake iliyo bora hajawahi kuitumia. Katika Kikopti, Kimisri cha mwisho kabisa, kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki na chache za kwao tangu karne za mwanzo baada ya Kristo, alisikia ni afsotem. A ya wakati, f ya mtenda, kisha mzizi. Vyote vimehamia mbele! Lakini ile a ni mabaki ya kitenzi cha kufanya. Watu walizoea kusema "alifanya kusikia", kufanya kukasagika mpaka ikabaki irabu moja. Umbo hilo ni kitukuu. Ndugu wa damu huzidi kufanana kadiri unavyorudi kwa babu. Hapa ukirudi nyuma miaka elfu mbili kabla ya Kikopti, mfanano wenyewe unatoweka.

Nitatajiwa Cheikh Anta Diop. Namheshimu. Msenegali yule alisimama Cairo mwaka 1974, kwenye mkutano wa UNESCO, akatetea kwamba Misri ni ya Afrika, na jambo hilo lilihitaji kusemwa. Ila lugha aliyoilinganisha zaidi na Kimisri ni Kiwolofu cha kwao, na wanaisimu walio wengi hawakuukubali undugu ule. Misri kuwa Afrika hakukifanyi Kinyamwanga kuwa Kimisri. Kama Mtanzania analazimika kumwita Farao binamu, kwa lugha tu, zamu ni ya Mwiraqw wa Mbulu na Karatu: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, na Kikushi, Kiarabu, Kihausa na Kimisri vimo katika ukoo mmoja mpana. Sijamsikia Mwiraqw akilidai piramidi.

Kinachonikera hasa ni chanzo cha fikra hii. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitoka kaskazini, Uhabeshi, kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba Waafrika wa huku wangejenga dola wenyewe. Bwana wa kijiweni anadhani anamjibu Mzungu, kumbe anamkariri: chochote chenye hadhi lazima kiwe kimetoka kaskazini. Na huku akitamba na sedjem ambayo hajui kuinyambua, anamkataza mwanawe kusema kilugha nyumbani, eti kilugha hakina sarufi.

Juzi nilimgeukia kijana wa Ileje aliyekuwa akisubiri zamu yake. Nikamuuliza: kwa Kindali, ukisikia jambo asubuhi hii na ukisikia jambo ungali mtoto, kitenzi ni kile kile?

Akaniangalia kwa huruma. "Haiwezekani, mwalimu." Akaanza kutamka, akihesabu kwa vidole: cha leo, cha jana, cha zamani. Dereva Mbemba aliyekuwa mlangoni akadakia kwamba na kwao ni hivyo hivyo, akatoa vya kwake, wakaanza kubishana ni nani anayekosea katikati ya neno. Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Nusu ya kichwa changu ilikuwa bado.