Mbwa Mdogo wa Olduvai

Hapa kwetu Ubena, mahindi yanapokaribia kukomaa, kila mwenye shamba humtaka mbwa wa kumfukuzia nguruwe na ngedere. Mavuno yakisha kuingia ghalani, mbwa yule yule hugeuka kuwa shabaha ya mawe ya watoto watokao chuoni. Jioni moja tuliwakanya vijana watatu waliokuwa wakimpiga mmoja wa mbwa hao. Mdogo wao akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mzee wangu, si najisi huyu? Ana faida gani?" Tumeona swali hili lastahili jibu, na jibu lenyewe tutalianzia mbali, kwa mbwa aliyeishi kabla mtu hajajenga nyumba wala hajalima shamba.

Kaskazini mwa nchi yetu, kupita Arusha, katika nchi ya Ngorongoro, liko korongo la Olduvai, ambalo jina lake latokana na neno la Kimasai la mkonge wa mwitu uotao huko. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, alipita hapo akaokota mifupa iliyogeuka mawe, akaichukua hadi Berlin. Mwaka 1913 Hans Reck, mtaalamu wa miamba, alikwenda kuchimba kwa mpango, akarudi Ujerumani na shehena kubwa ya mifupa. Humo, pamoja na mifupa ya wanyama wakubwa, ilikuwamo ya mnyama mmoja mdogo wa ukoo wa mbwa. Mwaka 1928 Hermann Pohle akampa jina la kitaalamu Prototocyon recki. Neno la kwanza maana yake ni mtangulizi wa bweha masikio, na la pili ni kwa heshima ya Reck.

Mnyama huyu aliishi zama gani? Mifupa yake imepatikana katika tabaka la chini la korongo, lile lile ambamo Mary Leakey aliliona fuvu mashuhuri la Zinjanthropus mwaka 1959. Tabaka hilo lina majivu ya volkano, na mwaka 1961 wataalamu walitangaza kuwa wameyapima na kuyakuta yana umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Wakati huo Olduvai palikuwa na ziwa la maji ya magadi, na kando yake mbwa wetu mdogo alitafuta riziki yake.

Huenda mtu akauliza: mifupa michache yaweza kusema nini? Jawabu ni kwamba meno ni daftari la chakula. Mbwa wa kawaida ana meno 42, na yale makubwa ya nyuma yana makali kama mkasi kwa kukatia nyama. Bweha masikio wa leo ana meno kati ya 46 na 50, madogo madogo, ya kusagia wadudu. Huyu wa Olduvai alikuwa katikati ya njia: ameanza kuiacha nyama na kuwaelekea wadudu, lakini hajafika alikofika bweha masikio. Meno yanayofanana na yake yalionekana pia katika vilima vya Siwalik, Bara Hindi, na baadhi ya wataalamu humhesabu mnyama wa huko kuwa wa jamii hiyo hiyo. Ikiwa ndivyo, basi kabla ya majahazi yetu kuvuka bahari kwenda Hindi, viumbe vidogo hivi vilikuwa vimekwisha kuenea pande zote mbili kwa njia ya nchi kavu.

Prototocyon ametoweka, lakini jamaa yake bweha masikio angali hai. Hapa pwani hatumwoni, makao yake ni nyika kama za Serengeti. Uzito wake ni kilo tatu hadi tano tu, na masikio yake marefu humwezesha kusikia wadudu waendao ardhini. Chakula chake kikubwa ni mchwa wale wavunao majani ya malisho, na kila mfugaji ajua hasara yao. Tena akina baba wasikilize hapa: mama anapokwenda kutafuta chakula ili apate maziwa, baba ndiye akaaye shimoni kuwalinda watoto.

Mnyama huyo hupatwa na hatari itokayo majumbani mwetu. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliingia Serengeti. Simba wapatao theluthi moja walikufa, na fisi na bweha masikio nao hawakusalimika. Wataalamu wengi waliyafuatia maradhi hayo hadi kwa mbwa wa vijiji vya jirani wasiochanjwa. Kichaa cha mbwa nacho kimewaua bweha masikio wa huko, na ugonjwa huo huo huwaua watoto wa watu.

Basi, kijana wetu, jibu lako ni hili. Ndiyo, mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu yetu, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, wala si ruhusa ya ukatili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mwenye kumtumia mbwa shambani ampe chakula, amchanje kila mwaka, wala asimwache azurure mavuno yakiisha. Na mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe mganga.

Na faida yake uliyoiuliza? Mbwa wa Olduvai hakumlindia mtu shamba hata siku moja, lakini taya lake dogo limewafundisha wanavyuoni wa nchi nyingi. Huyu uliyemshikia jiwe amelinda mahindi uliyokula jana.

Wabillahi tawfiq.